Kitambaa Kwanza: Kuanza na Mashine ya Kudarizi Nyumbani

Mashine ya kudarizi ya nyumbani ni cherehani inayoongozwa na kompyuta ndogo iliyomo ndani yake. Sindano yake hupanda na kushuka mahali palepale. Kitambaa hubanwa kwenye fremu ya plastiki, fremu hupachikwa kwenye mkono wa mashine, na mkono huo huisogeza mbele na nyuma, kushoto na kulia, kwa nguvu ya mota mbili. Sindano ikiwa juu, fremu huhama. Sindano ikishuka, fremu imetulia. Meno yanayovuta kitambaa katika cherehani ya kawaida hayana kazi hapa. Mengine yote ni yaleyale anayoyajua fundi yeyote wa Butterfly au Singer: uzi wa juu hupita kwenye tundu la sindano, hunaswa chini ya bamba, kisha hufungana na uzi wa bobini.

Mashine hii haioni kitambaa wala haikipapasi. Hupiga kila mshono mahali ilipopangiwa, na kitambaa kikiwa kimeteleza milimita moja, ua nalo huenda upande milimita moja. Ndiyo maana sehemu kubwa ya kazi ya kudarizi kwa mashine hufanyika kabla mtu hajabonyeza kitufe cha kuanzia: kuchagua sindano, kuweka karatasi ya nyuma, kubana fremu. Anayeanza huwa na haraka ya kuona maua yakichomoza, na haraka hiyo ndiyo inayoharibu fulana nyingi.

Darizi za mashine zilianza viwandani. Mwaka 1828 Josué Heilmann wa Mulhouse, Ufaransa, aliunda mashine ya sindano nyingi iliyoendeshwa kwa mkono, na mwaka 1863 Isaak Gröbli wa Uswisi akabuni nyingine iliyotumia uzi mrefu wa mfululizo, kama wa cherehani. Kwa mafundi wa Afrika Mashariki, kudarizi kwa mashine kwa miaka mingi kumekuwa ni cherehani ya zigizaga: fundi huondoa mguu wa kukandamizia, hushika kitambaa kwa mikono miwili na kukichezesha chini ya sindano, huku goti likipanua na kupunguza mshono. Shingo nyingi za kanzu na magauni zimepambwa hivyo, na bado zinapambwa. Mashine ya kompyuta ya kuweka mezani iliingia majumbani mwaka 1990, kampuni ya Janome ya Japani ilipotoa Memory Craft 8000. Haikumwondoa fundi wa zigizaga, maana yeye hubuni ua papo hapo mteja akiwa amesimama mbele yake. Wala haikuiondolea hadhi kofia ya mkono ya Zanzibar na Lamu, ambayo dada yake huvaliwa Oman kwa jina la kumma; kofia ya mashine ipo sokoni, bei yake ni nafuu, na mjuzi wa kofia huitambua kabla hajaishika. Faida ya kompyuta ni kurudia. Nembo ya shule ikishawekwa sawa, ya arobaini hutoka kama ya kwanza.

Sokoni kuna mashine za kudarizi tu na kuna zinazoshona pia. Mtu mwenye cherehani nzuri nyumbani hana sababu ya kulipia ushonaji mara ya pili. Cha kuangalia kwanza ni ukubwa wa eneo la kudarizi, kwa kuwa hilo haliongezeki baada ya kununua. Mashine za bei ya chini hudarizi eneo la milimita 100 kwa 100. Zinazofuata hufika 130 kwa 180. Sentimita 10 zinatosha kwa nembo ya kifuani, jina kwenye taulo au ua la pembeni ya kitambaa cha kochi. Shingo ya kanzu haienei humo, wala majina ya bibi na bwana harusi kwenye foronya. Mtu anaweza kudarizi kipande, kufungua fremu, kusogeza kitambaa na kuendelea, lakini kuunganisha vipande bila mwanya kuonekana huwatoa jasho hata wazoefu. Basi mnunuzi akilazimika kuchagua kati ya eneo kubwa na mamia ya maua yaliyohifadhiwa ndani ya mashine, achukue eneo. Maua ya kiwandani hukinai upesi.

Mashine nyingi za nyumbani zina sindano moja. Rangi ikiisha, mashine husimama na kungoja mtu abadilishe uzi. Zipo zenye sindano 6 au 10 zinazobadili rangi zenyewe, na bei yake inamfaa mtu ambaye tayari ana wateja wa kudumu. Kasi huwa kati ya mishono 400 na 1,000 kwa dakika kutegemea aina. Nembo ya mishono 8,000 kwenye mashine ya mishono 400 kwa dakika ina dakika 20 za sindano; ikiwa na rangi sita, kubadili nyuzi na kukata ncha huisogeza hadi nusu saa au zaidi. Anayepokea oda ya masweta 60 afanye hesabu hiyo kabla ya kutaja siku ya kukabidhi.

Umeme nao una mambo yake. Mashine zilizotengenezwa kwa soko la Marekani hutumia volti 120 na za soko la Japani volti 100, ilhali umeme wa Tanzania ni volti 230 na wa Kenya 240. Mashine ya mtumba iliyotoka Marekani ikichomekwa moja kwa moja ukutani inaweza kuungua siku hiyohiyo. Kibao cha nyuma au cha ubavuni huonyesha volti, na kama si 220 hadi 240, inahitajika transfoma ya kushushia umeme. Kwa mitaa ambayo umeme hukatika, betri ya akiba kama zinazotumika kwenye kompyuta za mezani humpa mtu muda wa kumaliza rangi moja au kuisimamisha mashine vizuri. Mashine nyingi za sasa hukumbuka mshono zilikoishia. Fremu tu isiguswe mpaka umeme urudi.

Uzi wa kudarizi si ule wa kushonea nguo. Wa kushonea hauna mng'ao na una manyoya madogo yanayojaza vumbi kwenye nyumba ya bobini. Wa kudarizi hung'aa na ni laini, na ulio wa kawaida ni namba 40. Namba ikipanda uzi unakuwa mwembamba, kwa hiyo namba 60 hutumika kwa herufi ndogo. Kuna uzi wa rayoni na wa poliesta. Rayoni una mng'ao wa kupendeza kwenye gauni la sherehe, lakini shati la shule linalolowekwa kwenye jiki linataka poliesta, kwa sababu rangi yake huvumilia dawa hiyo. Bobini hujazwa uzi wake maalumu, mwembamba kuliko wa juu na kwa kawaida mweupe. Rangi zinabadilika juu, chini unabaki uleule. Bobini zenyewe ziwe za aina iliyoandikwa kwenye kitabu cha mashine. Ya chuma iliyoazimwa kwenye cherehani ya jirani inaweza kuonekana inaingia, ila ikipishana urefu kidogo tu na ile ya asili, mkazo wa uzi unavurugika.

Sindano ya kuanzia ni ya kudarizi namba 75/11. Hiyo 75 ni unene wa milimita 0.75, na 11 ni kipimo cha zamani cha sindano ileile. Kwa vitambaa vya kufumwa kama fulana na sweta inafaa yenye ncha ya mviringo, inayopenya kati ya nyuzi bila kuzikata. Kwa jinzi na turubai hupandishwa hadi 90/14. Sindano huchakaa kabla jicho halijagundua. Wadarizi wengi huitupa baada ya saa nane hivi za kazi, na hata mapema ikianza kutoa mlio wa kugonga kila inapotoboa.

Kitu kinachowashangaza wageni wa kazi hii ni karatasi ya nyuma: kitambaa kisichofumwa, chenye sura ya karatasi, kinachobanwa chini ya nguo ili kiibebe wakati inatobolewa mara maelfu. Bila hiyo, nguo hukunjamana kuzunguka ua. Ziko za namna tatu kuu. Ya kukatwa kwa mkasi hubaki ndani ya nguo maisha yake yote, na ndiyo ya fulana, shati la polo, sweta na kila kinachovutika. Ya kuchanwa kwa mkono huondolewa kazi ikiisha, nayo inafaa kwa vitambaa vilivyotulia kama dril, jinzi, shuka na kitenge kizito. Ya kuyeyuka kwa maji hutumika chini ya vitambaa vyepesi vinavyoonekana upande wa pili, na pia huwekwa juu ya taulo ili vinyweleo vyake visichomoze katikati ya herufi. Gazeti si badala yake: huacha wino na huchanika kazi ikiwa nusu. Kitambaa cha kola kinachobandikwa kwa pasi husaidia kukipa nguvu kitambaa chepesi, lakini kwenye fulana hakitoshi peke yake.

Kubana fremu ndiyo hatua ya kujifunza kwa subira. Kitambaa hupigwa pasi kwanza. Katikati ya mahali pa ua huchorwa msalaba kwa chaki ya fundi, mstari mmoja ukifuata uelekeo wa nyuzi za kitambaa. Pete ya nje, yenye skrubu, huwekwa mezani ikiwa imelegezwa. Juu yake karatasi, juu ya karatasi kitambaa, kisha pete ya ndani husukumwa kwa viganja vyote viwili mpaka ikae sawasawa. Skrubu hukazwa. Kitambaa cha pamba kilichobanwa vizuri kikigongwa kwa kidole hulia kama ngoma ndogo. Kosa la kawaida ni kukivuta kitambaa pembeni baada ya pete kuingia, ili kinyooke zaidi. Kwenye fulana hilo ni balaa: hudariziwa ikiwa imetanuliwa, fremu ikifunguliwa inarudi ukubwa wake, na herufi zilizokuwa zimenyooka zinakusanyana na kufanya mawimbi. Fulana hulazwa bila kuvutwa, nguvu zote zikiachiwa karatasi iliyo chini yake. Kwa vitu visivyobanika, mfano kola au mfuko uliokwisha kushonwa, hubanwa karatasi peke yake, ikapuliziwa gundi ya kupulizia ya muda, halafu nguo ikabandikwa juu.

Jaribio la kwanza lisiwe kwenye nguo ya mtu. Kipande cha marekani kilichokunjwa mara mbili, karatasi ya kuchanwa, uzi wa rangi moja inayotofautiana na kitambaa, na herufi moja kubwa kutoka kwenye kumbukumbu ya mashine vinatosha. Uzi wa juu hupitishwa mguu wa mashine ukiwa umeinuliwa. Hili si jambo dogo. Mguu ukiwa juu, visahani vinavyokaza uzi huwa wazi na uzi huzama katikati yake; ukiwa chini, visahani vimefunga, uzi hupita juujuu, na mashine hushona bila mkazo wowote. Kisha mguu hushushwa, mashine huagizwa kuzungusha fremu kwenye mipaka ya mchoro ili kuhakikisha sindano haitagonga plastiki, na kazi huanza. Ncha ya uzi hushikwa kwa mishono michache ya mwanzo, mashine husimamishwa, ncha hukatwa karibu na kitambaa, kisha mashine huachwa iendelee.

Matokeo hayasomwi upande wa mbele. Hugeuzwa nyuma. Kwenye mistari minene ya herufi, uzi mweupe wa bobini unatakiwa uonekane katikati kwa takriban theluthi moja ya upana, na rangi ya juu ikamate theluthi moja kila upande. Nyuma pakiwa na rangi tupu bila cheupe, uzi wa juu umelegea. Cheupe kikichungulia mbele, uzi wa juu umekazwa mno au bobini haikukaa kwenye mfereji wake. Kabla ya kugusa namba za mkazo, mtu autoe uzi wote na kuupitisha upya. Mara nyingi tatizo huishia hapo.

Hitilafu inayowatia hofu wengi ni nyuzi kufumana chini ya bamba, kichaka kizima kinachoshikilia kitambaa kisitoke. Kwa kuwa kichaka kiko chini, lawama huangukia bobini. Kwa kawaida chanzo ni uzi wa juu uliopitishwa vibaya: haukushikwa na visahani, au umetoka kwenye mkono unaouvuta juu. Fremu isivutwe kwa nguvu. Nyuzi hukatwa taratibu kwa mkasi mdogo kutoka chini, bamba hufunguliwa, mabaki husafishwa kwa brashi. Uzi ukikatika kila mara, hubadilishwa sindano kwanza, kwa sababu ndiyo ya bei ya chini kuliko vyote. Baada ya hapo huangaliwa umri wa uzi wenyewe: koni iliyokaa dirishani inapigwa jua kwa mwaka mzima haina nguvu tena. Uzi wa dhahabu na fedha hukatika hata ukiwa mpya, hivyo hushonwa kwa kasi ndogo na sindano yenye tundu kubwa. Mzunguko wa nje wa ua usipokutana na rangi ya ndani, kitambaa kimeteleza kwenye fremu au karatasi ilikuwa nyepesi kuliko kazi yenyewe. Mafuta hutiwa pale tu kitabu cha mashine kinapoelekeza. Mashine nyingi za nyumbani hazitaki mafuta ya fundi kama cherehani ya kukanyaga.

Baada ya herufi za mashine kuzoeleka, hufika swali la mchoro wa mteja. Wengi huja na picha kwenye simu wakidhani mashine itaisoma. Picha ina rangi tu. Mashine inataka orodha ya mishono, kila mmoja na mahali pake. Kila kampuni ina faili lake: PES la Brother, JEF la Janome, VP3 la Husqvarna Viking na Pfaff, na DST la Tajima linalosomwa na mashine nyingi za viwandani. DST halihifadhi rangi za nyuzi, ila mahali pa kubadili uzi tu, kwa hiyo nembo ya kijani inaweza kuonekana ya waridi kwenye kioo na bado ikawa sahihi.

Kugeuza picha kuwa mishono ni ufundi unaojitegemea. Programu ya Ink/Stitch inayofanya kazi ndani ya Inkscape hupatikana bure na inatosha kwa anayejifunza. Mchoraji huamua wapi pawe na mshono wa bandi, wapi pawe satini, ile mishono ya ng'ambo hadi ng'ambo inayofanya herufi zing'ae, na wapi pajazwe kwa mishono mifupi iliyopishana. Huamua pia uelekeo wa mishono, na huweka tabaka jembamba la chini litakaloshikanisha kitambaa na karatasi kabla ya rangi kuja juu. Kwa uzi namba 40, nafasi ya kawaida kati ya mstari na mstari ni milimita 0.4. Ikibanwa zaidi, nembo inakuwa ngumu kama kadi na sindano huanza kukata kitambaa. Mishono huvuta kitambaa ndani, kwa hiyo duara hulazimika kuchorwa pana kidogo kuliko linavyotakiwa kuonekana. Programu zinazodai kufanya haya yote kwa kubofya mara moja huonekana za ajabu kwenye tangazo, na matokeo yake kwenye kitambaa huwa ovyo.

Herufi zilizo chini ya milimita 5 huziba kwa uzi wa kawaida, na kaulimbiu za shule hupenda kuandikwa kwa herufi za namna hiyo. Ni afadhali kumwambia mwalimu mapema kwamba kaulimbiu itaondolewa au nembo itakuzwa. Kukuza au kupunguza faili ndani ya mashine kusizidi kama sehemu moja ya kumi, maana mashine nyingi hutandaza mishono ileile bila kuihesabu upya. Nembo za klabu za mpira na kampuni kubwa zina wenyewe. Kuzidarizi kwa kuuza bila ruhusa ni kosa hata kama faili limepatikana bure.

Kuhusu malipo, kazi hii hupimwa kwa mishono elfu moja moja kuliko kwa sentimita, kwa sababu ndiyo inayokula muda na uzi. Mishono 1,000 hutumia takriban mita 5 hadi 6 za uzi wa juu, hivyo koni ya mita 5,000 hudumu sana. Gharama kubwa zaidi ni karatasi, muda na nguo zinazoharibika. Nembo ya kifuani huwa kati ya mishono 5,000 na 10,000. Kwa oda ya nguo nyingi, mdarizi huomba nguo moja ya ziada ya majaribio na kumwonyesha mteja kipande kilichokwisha kudariziwa kabla ya kuendelea. Mchoro uliokubalika huandikiwa kumbukumbu: namba za nyuzi, aina ya karatasi, sindano na kasi, maana shule hurudi Januari na watoto wapya, nao watasimama mstari mmoja na waliovaa za mwaka jana.

Kazi ikitoka, nyuzi zinazoruka kutoka herufi hadi herufi hukatwa kwa mkasi wenye ncha iliyopinda. Karatasi ya kukatwa hupunguzwa kwa nyuma, ikiachwa ukingo wa karibu sentimita moja. Ya kuchanwa huondolewa kidole kimoja kikiwa kimekandamiza mishono ili isivutike. Ya maji husuuzwa mpaka utelezi uishe. Darizi ya poliesta hupigwa pasi ya moto wa wastani, kwa upande wa nyuma, juu ya taulo lililokunjwa, ili mishono ya mbele isilale bapa.